Uzoefu wangu: Ben's Chili Bowl na majirani zake wa Mtaa wa U, Washington

Kila ninapopata mgeni kutoka nyumbani anayetaka kuijua Washington nje ya Ikulu na makumbusho, humpeleka Mtaa wa U, kwenye mgahawa wa Ben's Chili Bowl, ambao familia ya Ali imeuendesha tangu tarehe 22 Agosti 1958. Sifa zake nyingi zinazosambaa huelekezwa kwa watu mashuhuri waliokula pale, hususan Barack Obama aliyefika Januari 2009, siku chache kabla ya kuapishwa. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa huu ni mgahawa wa mtaa, uliofunguliwa katika mtaa wa watu weusi wakati ambapo ubaguzi ulikuwa bado unawabana, na haki yake ni kupimwa kwa namna unavyowahudumia watu wa kawaida.

Chakula kinachoagizwa zaidi ni half-smoke, soseji nene ya jiji hilo, ambayo hukaangwa juu ya bamba la chuma mbele ya macho yako, ikalazwa ndani ya mkate, ikapakwa haradali, ikawekewa vitunguu vibichi vilivyokatwa vidogo vidogo, kisha ikamwagiwa mchuzi mzito wa nyama ya kusaga wenye pilipili. Ngozi yake ni ngumu kidogo, nyama ya ndani imesagwa kwa ukubwa na ina harufu ya moshi, na ukali wa mchuzi unamtosha hata mtu aliyezoea pilipili za pwani. Ndugu zangu Waislamu wanapaswa kufahamu kwamba soseji ya asili huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, hivyo waulize kabla ya kuagiza. Upo mchuzi wa maharage usio na nyama kabisa, na mke wangu, ambaye hagusi nguruwe, huuagiza pamoja na chipsi na hushiba vizuri.

Jengo lenyewe lilijengwa karibu mwaka 1910 kuwa ukumbi wa sinema zisizo na sauti. Ben Ali, mzaliwa wa Trinidad aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Howard, na mchumba wake Virginia, aliyekuwa karani wa benki, walilikarabati kwa dola 5,000, na kaunta na viti vya enzi hizo vingali vinatumika. Napenda kukaa kwenye kaunta, kwa sababu hapo ndipo huduma inapoonekana: mhudumu huwaita wazee kwa heshima, hukumbuka mteja wa kila wiki anakula nini, na mgeni asiyejua kuagiza huelekezwa bila kuharakishwa.

Subira ya familia hii imejaribiwa vikali. Aprili 1968, baada ya Martin Luther King Jr. kuuawa, machafuko yaliteketeza sehemu kubwa ya mtaa huo, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Ben Ali aliandika kwenye kioo cha mbele maneno ya kujitambulisha kuwa ni ndugu mweusi, na Stokely Carmichael, mwanaharakati wa haki za watu weusi aliyekuwa na ofisi karibu, akasaidia mgahawa upate ruhusa ya kubaki wazi, ukawalisha wanaharakati, polisi na wazima moto. Baadaye, barabara ilipochimbwa kwa ajili ya treni ya chini ya ardhi, wateja walipungua kiasi kwamba alibaki mfanyakazi mmoja tu. Hawakufunga. Kituo kilipofunguliwa mwaka 1991, majirani wengi walikuwa wamekwisha ondoka.

Jambo linaloniumiza ni kwamba treni ileile iliyotarajiwa kuuinua mtaa ilipandisha pia kodi za nyumba. Mwaka 1970 watu weusi walikuwa takriban asilimia 71 ya wakazi wa Washington, na kufikia 2011 walikuwa wameshuka chini ya nusu. Kwenye kaunta nimezungumza na wazee waliohamia kaunti ya Prince George's, katika jimbo jirani la Maryland, ambao husafiri kuja kula mahali walipokula wakiwa wanafunzi. Kwao mgahawa huu ni kama baraza ya nyumba ya zamani ambayo mwenyewe hajaiuza. Ben Ali alifariki mwaka 2009, na sasa watoto na wakwe ndio wanaoendesha kazi. Bila urithi huo wa kifamilia, sidhani kama wazee hao wangekuwa na pa kurudi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiishie kwenye chakula. Virginia Ali alifanya kazi Industrial Bank, benki ya watu weusi iliyoanzishwa na Jesse Mitchell mwaka 1934 na inayoongozwa na ukoo wake hadi leo, yenye tawi kwenye kona ya Mtaa wa 11 na Mtaa wa U. Hatua chache kutoka hapo lipo duka la maua la Lee's, lililoanzishwa mwaka 1945 na ambalo sasa liko mikononi mwa wajukuu. Jumuiya yetu ilipopata msiba, tuliagiza mashada hapo. Muuzaji aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani na ibada ingekuwa ya dini gani, ndipo akapendekeza maua. Bei ilikuwa juu kidogo kuliko ya duka kubwa, na niliilipa kwa moyo mweupe.

Ukienda kwa treni, shuka kituo cha U Street na utokee upande wa Mtaa wa 13. Mgahawa utauona ng'ambo ya barabara. Nenda katikati ya wiki, mchana, ukitaka nafasi ya kuzungumza na walioko kwenye kaunta.