Gun Violence Archive: daftari la risasi za Marekani, na namna ya kulisoma ukiwa Kampala

Watu wakipigwa risasi shuleni au dukani huko Marekani, hesabu hutufikia Uganda kabla ya majina ya marehemu. Redio inasema mashambulizi ya umati yamepita 600 kwa mwaka mmoja. Ujumbe wa WhatsApp unasema hayajafika 20. Inawezekana kabisa wote wawili wako sahihi. Hesabu ile kubwa, mara nyingi, chanzo chake ni Gun Violence Archive, tovuti ya bure ya shirika lisilo la faida lililoanza kazi mwaka 2013. Wanahabari na wanafunzi wetu wanainukuu sana kuliko wanavyoisoma.

Kanuni yao ni hii: shambulio la umati ni tukio moja ambamo watu wanne au zaidi wamepigwa risasi, wawe wamekufa au wamejeruhiwa, bila kumhesabu mshambuliaji. Jarida la Mother Jones lina orodha yake, ila lenyewe hutaka wauawe angalau watatu, tena mahali pa hadhara. Chukua maandamano ya kushangilia ubingwa Kansas City, 14 Februari 2024: aliuawa mtu mmoja, zaidi ya 20 wakajeruhiwa. Kwa Gun Violence Archive tukio hilo limo. Kwa kipimo cha watu watatu halimo. Ndiyo maana orodha ya kwanza ilipita matukio 600 kila mwaka kuanzia 2020 hadi 2023, kisha ikashuka hadi karibu 500 mwaka 2024, huku ya pili ikibaki na machache tu. Mimi naunga mkono kanuni pana. Aliyevunjwa uti wa mgongo na risasi asifutwe kwenye hesabu kwa sababu tu daktari alimuwahi.

Ukiifungua tovuti ya Gun Violence Archive kwa simu, ukurasa wa kwanza unaonyesha jumla za mwaka: waliokufa, waliojeruhiwa, watoto wa miaka 0 hadi 11, vijana wa 12 hadi 17, na mashambulizi ya umati. Usiishie hapo. Nenda kwenye ripoti, chagua orodha ya mashambulizi ya umati ya mwaka unaoutaka. Jedwali linatenga waathiriwa waliouawa, waathiriwa waliojeruhiwa, kisha washukiwa waliouawa, waliojeruhiwa na waliokamatwa. Utengano huo unamaliza ubishi mwingi. Uvalde, Texas, Mei 2022, waliuawa wanafunzi 19 na walimu 2. Ukisikia 22, mtu amemjumlisha muuaji.

Kisha fungua tukio lenyewe na usome chanzo, ambacho mara nyingi ni kituo cha habari cha mji husika. Viungo vya zamani hufa, kwa hiyo nakili namba ya tukio na tarehe uliyosoma. Tarehe hiyo ni muhimu: majeruhi akifia hospitalini baada ya wiki, safu hubadilika, na namba uliyotangaza Jumatatu haitalingana na ya Ijumaa. Angalia na saa pia. Risasi ya saa nne usiku Jumamosi mjini Chicago, wakati wa kiangazi chao, kwetu imelia saa kumi na mbili asubuhi Jumapili.

Udhaifu mkubwa uko kwenye kujiua. Tovuti hukusanya habari za polisi na vyombo vya habari, na wengi wanaojiua hawaandikwi popote gazetini. Idadi yao huingizwa kwa jumla kutoka takwimu za CDC, taasisi ya serikali ya afya. Nayo si ndogo: kati ya vifo 46,728 vya bunduki mwaka 2023, takriban 27,300 vilikuwa vya kujiua. Anayetumia orodha ya matukio peke yake ameacha nje zaidi ya nusu ya msiba. Kwa vifo vyote, tumia CDC hata kama huchelewa. Kwa majeruhi na tukio mojamoja, tumia tovuti hii.

Kwa nini watu binafsi ndio wahesabu, katika nchi tajiri vile? Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliweka kifungu cha Dickey, kilichokataza fedha za CDC kutumika kupigia debe udhibiti wa bunduki, na watafiti wakaogopa hata kuuliza. Fedha maalumu za utafiti huo, dola milioni 25, zilirudi kwenye bajeti ya 2020. Wanasiasa waliofumba macho ya watafiti zaidi ya miaka 20 wanastahili kulaumiwa waziwazi.

Hapa Uganda bunduki ni leseni, wala si haki ya kikatiba, lakini risasi zetu nazo zinastahili daftari. Mei 2023 Waziri wa Nchi Charles Engola aliuawa na mlinzi wake mwenyewe. Ripoti ya mwaka ya polisi hutoa jumla; mwananchi hawezi kubofya tukio moja akaona chanzo chake. Atakayeanzisha daftari la namna hiyo aige safu zilezile, aongeze moja: bunduki ilikuwa ya nani, raia, polisi, jeshi au askari wa kampuni ya ulinzi.