Mkono uliobaki begani

Nakala ya kitabu ni moja, wasomaji tuko watano. Aliyeinunua ni mwalimu wetu wa Kiingereza, alipokwenda Dar likizo. Alitoa shilingi 45,000, kikaja Kigoma kwa treni kimeviringishwa kwenye khanga ya mkewe. Mpaka leo anatulaumu kwa ile pembe ya jalada iliyokunjika, ingawa sisi tunaamini ilikunjikia Tabora, abiria walipokuwa wanasukumana kupanda.

Kitabu chenyewe ni Sunrise on the Reaping cha Suzanne Collins, kilichotoka Machi 18, 2025. Ni cha tano katika mfululizo wa Michezo ya Njaa (The Hunger Games), ila kihadithi kinarudi nyuma miaka 24 kabla ya kile cha kwanza. Mhusika ni Haymitch Abernathy, yule mlevi wa Wilaya ya 12 anayeporomoka jukwaani mbele ya kamera. Wengi wetu hapa tulimjua banda umiza, kwenye filamu, kwa sura ya Woody Harrelson, kabla hatujashika kitabu. Hapa ana miaka 16. Siku ya kuchagua watoto wa kwenda kuuana ndiyo siku yake ya kuzaliwa, na mwaka huo ni Michezo ya 50, kwa hiyo Capitol, mji mkuu unaoitawala nchi yao ya Panem, inataka watoto mara mbili: 48 badala ya 24.

Anayetaka kusoma bila kujua mwisho aishie hapa. Lakini onyo lenyewe ni kichekesho, maana tangu kitabu cha pili cha mwaka 2009 tunajua Haymitch alishinda, tunajua alishindaje, na tunajua alikuja kuwa nani. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Mdogo wangu, dereva wa bodaboda, alikichungulia kitabu nyuma na mbele akasema, "Dada, hiki ni kiporo. Wamekipasha moto wanatuuzia tena." Shangazi akamjibu kwamba kiporo cha maharage ndicho kitamu, mtoto mdogo kama yeye angejulia wapi.

Shangazi hasomi Kiingereza. Ananunua dagaa mwaloni Kibirizi, anaanika, anauza, na anapumzika zile siku chache tu mwezi ukiwa mpevu. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikitawala ziwa taa haiwaiti tena, basi wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu na wachuuzi wanalala. Siku hizo tulikaa uani kwake Ujiji, mimi nasoma kimya aya moja, kisha naisema kwa Kiswahili. Kurasa karibu 400. Tulimaliza miezi mitatu, na nasema miezi ya angani.

Sasa niseme kilichonishika mimi. Kazi yangu ni kukata video za harusi na sendofu. Nina chumba Mwanga, kompyuta moja, feni moja na deni la taa. Kitabu hiki, pamoja na damu yote iliyomo, kinahusu kazi yangu.

Katika kitabu cha 2009, Katniss na Peeta, washiriki wa Wilaya ya 12 ambao Haymitch mzee ndiye mwalimu wao, wanaangalia mkanda wa Michezo ya 50. Wanamwona Haymitch kijana mwerevu mwenye dharau, wanaona shoka likirushwa, likagonga ukuta usioonekana mwisho wa uwanja na kurudi kumuua aliyelirusha. Sisi wasomaji tuliuamini mkanda ule miaka 16. Collins sasa anatuambia: mliangalia video iliyokatwa. Haymitch hakuchaguliwa kwa bahati nasibu hata kidogo. Mvulana mwingine ndiye aliyetajwa, akakimbia, akapigwa risasi, na Haymitch akakamatwa kuziba pengo kwa sababu alijaribu kumkinga mpenzi wake, Lenore Dove. Kisha shughuli inaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea, na jina lake linasomwa kana kwamba limetoka kwenye karatasi. Familia inaruhusiwa kuagana naye kwa sababu tu kamera inataka machozi. Na jaribio lake la kuubomoa uwanja kutoka ndani, ambalo ndilo moyo wa kitabu kizima, halimo kwenye mkanda kabisa.

Nilipofika hapo niliacha kutafsiri, shangazi akadhani chaji ya simu niliyokuwa namulikia imeisha. Mimi kila wiki nasema, "Rudieni kukumbatiana, mwanga haukukaa vizuri." Kuna harusi nilikata miaka michache iliyopita. Aliyelipa alitaka mjomba mmoja aondolewe, walikuwa wamegombana kuhusu kiwanja. Nikamtoa. Nikavuta picha karibu, nikabana pembeni, nikaweka maua. Alipokuwa amesimama nyuma ya bibi harusi nilifaulu kuficha kila kitu isipokuwa mkono wake begani kwa bibi harusi, vidole vinne na saa ya rangi ya dhahabu, visivyo na mwenyewe. Mteja hakuuona. Mwaka uliofuata mjomba akafariki, wakaja kuniuliza kama nina kipande chochote anachocheka. Diski nilikuwa nimeshaifuta, nimeweka harusi nyingine.

Ndiyo maana nasema mwandishi huyu anaijua kazi. Hakukana hata sekunde moja ya mkanda wa 2009. Shoka lipo, Maysilee Donner anakufa kwa midomo ya ndege wale wale. Alichofanya ni kutuonyesha mwenye mkono. Mwalimu alileta kitabu cha pili tukalinganisha ukurasa kwa ukurasa, na kwa hili peke yake mdogo wangu alilainika, akasema basi si kiporo, ni ukoko.

Tulilia wapi? Muuguzi wetu, ambaye huwa anatutangulia sura mbili kwa siri, alilia kwa Louella. Ni binti wa jirani, mdogo, aliyechaguliwa pamoja na Haymitch, na anakufa kwa ajali ya gari la farasi kwenye gwaride kabla Michezo haijaanza. Capitol inaleta mtoto mwingine anayefanana naye, inamvisha jina la Louella na kuendelea na ratiba. Na lile jina la kudekeza, sweetheart, ambalo Haymitch mzee alikuwa anamtupia Katniss, ambalo wote tulidhani ni kejeli ya mlevi, kumbe ndilo alilokuwa anamwita Louella. Muuguzi alifunga kitabu akaenda kusonga ugali, na ugali ulikuwa mbaya.

Lawama ninazo. Ya kwanza ni ndugu, yaani wahusika wa vitabu vilivyotangulia waliojazana humu. Baba yake Katniss yumo, mama yake yumo, Beetee yumo na mwanawe, Mags na Wiress wamo, Effie yumo, Plutarch yumo na kamera yake. Imekuwa kama shughuli ya Ujiji, ukigeuka huku shemeji, ukigeuka huku binamu. Beetee nakubali, kwa sababu amelazimishwa kumfundisha mwanawe wa miaka 12 namna ya kwenda kufa, na hilo halisahauliki. Effie ningemtoa. Mwalimu anabisha, anasema nchi ndogo watu lazima wajuane. Panem si nchi ndogo, mwalimu.

Ya pili ni shairi. Jina la Lenore linatoka katika shairi la Edgar Allan Poe la mwaka 1845, la mtu aliyefiwa na mpenzi wake, kisha kunguru akamjia usiku wa manane. Linarudi, linarudi, na mwishoni linamwagwa beti kwa beti. Kwa Kiingereza huenda linatisha. Uani kwa shangazi lilikufa kifo cha aibu. Nilipomwambia ndege mweusi ameingia na kutua juu ya mlango, aliuliza, "Amefuata dagaa?" Kwake kunguru ni yule anayeteremka kwenye chanja saa nne asubuhi na kuondoka na mtaji. Nilijaribu kueleza huzuni yake, nikashindwa, nikaruka beti mbili, mwalimu akanikamata.

Lakini sura za mwisho, kabla ya shairi, zilimnyamazisha hata mdogo wangu, ambaye simu yake ya abiria huwa haikati. Haymitch amerudi nyumbani mshindi. Siku hiyo hiyo nyumba yao inaungua, mama na mdogo wake Sid wamo ndani. Kisha anakutana na Lenore Dove, kuna mfuko wa pipi laini anazozipenda, na Haymitch anamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Pipi zote ni nyekundu. Shangazi alikuwa ameshaelewa kabla yangu, akapaza sauti, "Usimlishe! We mtoto, usimlishe!" hadi jirani akauliza ukutani kuna nini. Sumu ya Rais Snow wa Panem. Nilisoma kimya, nikasema kwa Kiswahili sentensi moja moja, na ng'ambo ya ukuta redio ya mtu ilikuwa inatangaza bei za mafuta.

Baadaye Haymitch anawafukuza marafiki waliobaki, hata kwa mawe, ili Snow asiwaguse, na anaanza kunywa. Shangazi hampendi mlevi, ana sababu zake na hazinihusu kuziandika. Alikaa muda, akasema, "Hiyo pombe wangemwongezea." Kisha akauliza kama angalau aliwahi kufuga kitu. Nikamwambia ndiyo, uzeeni anafuga mabata bukini, mayai aliletewa na Katniss. Akasema bata bukini wana kelele lakini ni walinzi wazuri.

Kiingereza chake si kigumu, aliyemaliza kidato cha nne akiwa anasoma kweli ataelewa bila mwalimu. Bei ni kubwa kwa mtu mmoja, kwa watu watano ni 9,000 kila mmoja, tumemrudishia mwalimu. Nampa nyota nne. Ya tano nimeikatia Effie na kunguru. Ila usikianze hiki kabla ya vile vitatu vya kwanza, utaona tu mkono bila kujua begani ni kwa nani.

Filamu imepangwa kutoka Novemba 20, 2026. Mdogo wangu ameshasema ataitafuta, aone watakata wapi. Nakala yetu kwa sasa iko kwa muuguzi, anarudia. Anayeitaka apite studio ajiandikishe, mbele yake wapo watatu. Doa la mawese ukurasa wa pipi ni la shangazi, msije mkanisingizia mimi.