Life on Planet Groove ya Maceo Parker: CD ya mtumba iliyonikalisha ndani ya gari

Nianze na malalamiko niyamalize mapema. Muuzaji wa mtandaoni, simtaji, aliandika CD iko safi kama mpya, mzigo kufika kasha limepasuka kona, kijitabu cha ndani kimenyofoka kurasa za katikati na CD yenyewe kwa chini ina mikwaruzo kama kuku wamechakura juu yake. Deki ya nyumbani ikaikataa kabisa, inazunguka inazunguka halafu inatema. Nikaenda kuijaribu kwenye gari, Corolla ya mtumba ambayo mpaka leo ukiwasha yule dada anakusemesha Kijapani, ajabu ikameza na ikapiga kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo jueni haya yote yanasemwa na mtu aliyesikiliza kwenye foleni ya Mwenge, vioo vimepandishwa, spika za mlangoni na joto la Dar.

Haya, mzigo wenyewe. Ni albamu ya laivu, imerekodiwa Machi 1992 ukumbi wa Stadtgarten pale Cologne, Ujerumani. Mbele wamesimama wazee watatu wa kupuliza: Maceo Parker mwenye saksafoni ya alto, Fred Wesley kwenye tromboni, na Pee Wee Ellis kwenye saksafoni ya tenor. Nasema wazee lakini piga hesabu, Maceo alikuwa na miaka 49, Fred 48, Pee Wee 50. Uzee wao ni wa barabarani, maana wote watatu wamepita mikononi mwa James Brown, yule mwimbaji mkubwa wa fanki wa Marekani, na kufanya kazi kwa yule bwana mwaka mmoja nahisi ni sawa na miaka mitatu kwa bosi mwingine.

Asiyejua habari zake nimpe kidogo. Brown alikuwa anakata faini. Ukikosea noti faini, viatu havijang'aa faini, umechelewa faini, na hakusubiri shoo iishe akuite pembeni, hapana, yeye anacheza zake stejini huku anakuonyesha kwa vidole kiasi ulichokatwa, watazamaji wanadhani ni staili. Sasa piga picha mtu umepuliza hivyo miaka, usiku huu mji huu kesho mji mwingine, jicho moja kwenye noti jicho moja kwenye vidole vya bosi! Mwaka 1970 ilifika mahali bendi karibu yote ikamwachia gari njiani, Maceo na mdogo wake Melvin mpiga dramu wakaenda kuanzisha bendi yao, na Brown hakubembeleza mtu, akaagiza vijana kutoka Cincinnati waje kujaza nafasi, akiwemo mpiga besi Bootsy Collins na kaka yake. Bendi ya kina Maceo haikufika mbali. 1973 akarudi kwa bosi. Mwenye njaa anajua njia ya nyumbani.

Na huyo Melvin ndiye aliyekuwa anatakiwa toka mwanzo, 1964. Brown alimtaka mpiga dramu, Maceo akaja kama nyongeza ya mezani, akapewa kwanza saksafoni ya baritoni. Nyongeza ndiyo ikawa inaitwa kwa jina katikati ya nyimbo, "Maceo!", mimi nilivyokuwa mdogo nikisikia hilo neno nilidhani ni mbwembwe tu za kimarekani kama watu wa dansi wanavyotupia maneno, kumbe ni mtu anaitwa aje afanye kazi.

Wazee wa Kinshasa wao hawakuhitaji kusimuliwa. Septemba 1974, lile tamasha kubwa lililofungamana na pambano la ngumi la Ali na Foreman, Brown alipanda pale na bendi yake, Fred na Maceo wakiwemo, tamasha moja na Franco na TP OK Jazz, Tabu Ley, Miriam Makeba, B.B. King. Pambano likasogezwa mpaka Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho, muziki ukaendelea kama kawaida. Mtu aliyezoea rumba ya pale, ile ya wapulizaji kuingia wote kwa pamoja wakate kisha watulie gitaa liseme, hii CD haitamgomea masikioni.

Turudi kwenye gari. Wimbo wa kwanza una dakika 16 na ushee. Kabla haujakolea Maceo anaongea na watu, anawaambia kwamba wao wanapiga jazi asilimia 2 na fanki asilimia 98, ukumbi unalipuka, na kuanzia hapo hiyo hesabu imekuwa kama kitambulisho chake mpaka kitabu cha maisha yake kimebeba hiyo 98. Kilichonishika mimi lakini ni kilicho chini. Sehemu kubwa ya besi inatoka kwenye ogani, kijana Larry Goldings anatembea na besi kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unafanya mambo yake, na Rodney Jones kwenye gitaa anakatakata kitu kimoja, kimoja tu, kile kile, mpaka unaanza kusikia vitu ambavyo havipo. Kenwood Dennard kwenye dramu ndio usiseme. Juu ya hapo wapulizaji wakiingia wanaingia mara moja, noti fupi, kama mlango umebamizwa, wote watatu sekunde ile ile, halafu kimya. Kile kimya ndio faini za James Brown hizo. Huwezi kufundishwa ule usafi kwa upole.

Niliihesabu siku moja. Nimesimama taa za Mwenge wimbo unaanza, gari limesogea labda urefu wa daladala tatu, wimbo unaisha, na sikuwa nimepiga honi hata moja, mimi huyu! Bodaboda kanigongea kioo ananionyesha mbele gari zimeshaondoka.

Ukisikiliza kwa makini utagundua pia hawa jamaa hawapotezi pumzi. Kijana akipewa solo anataka aseme yote aliyosoma. Maceo anachukua sentensi moja fupi, anairudia, anaisogeza kidogo, anaiacha, anaichukua tena kutoka nyuma. Fred ndio kabisa, tromboni yake inaongea kama mzee wa kijiweni anayekuja na stori polepole na kila mtu ananyamaza kwa sababu anajua mwisho wake utachekesha. Pee Wee mzito zaidi, jazi ile asilimia 2 naona nyingi ni ya kwake, na usisahau huyu ndiye aliyesaidiana na Brown kutunga Cold Sweat mwaka 1967, wimbo ambao wengi wanauhesabu kuwa fanki imezaliwa hapo.

Kuna Mholanzi pia, Candy Dulfer, saksafoni ya alto, wakati ule binti wa miaka 22, kapanda na hao mababa na hakutetemeka. Nampa heshima yake.

Kasoro zipo. Albamu ni ndefu, zaidi ya dakika 70, na anapoingia mwimbaji mgeni Kym Mazelle sauti yake ni kubwa na nzuri lakini mimi napoteza ule uzi, naona kama nimetolewa ukumbini nikapelekwa disko. Watakaopenda watapenda, mimi naruka. Wimbo wa taratibu wa katikati nao kwenye foleni unalaza, huo ni wa nyumbani usiku.

Na jambo lingine sio kosa la CD ila linaniuma kidogo: mbona Cologne? Watu wa Kinston, North Carolina, na Mobile, Alabama, muziki wa kwao, rekodi iliyowatambulisha upya duniani inafanyika Ujerumani. Kazi zao nyingi miaka ile zilikuwa Ulaya, kwenye klabu na matamasha ya kiangazi, ndiko waliposikilizwa wakiwa wenyewe sio nyuma ya mtu. Pee Wee akaja kuhamia Uingereza moja kwa moja, akaishi huko hadi alipofariki Septemba 2021. Maceo aliendelea kuzunguka, akapuliza kwa mwimbaji Prince zile shoo za usiku 21 za London 2007, na mwaka huo huo ikatoka albamu yake nyingine na bendi kubwa ya redio ya, eti wapi, Cologne.

Na hao ni waliobahatika. Clyde Stubblefield, mpiga dramu mwenzao, midundo yake ya 1969 kwenye Funky Drummer, wimbo wa Brown, imekatwa na kutumika na watu wa hip hop kwenye nyimbo zao zaidi ya mara elfu, na kwa kuwa hakuandikwa kama mtunzi hakupata mrabaha wa maana. Aliishia kupiga Jumatatu Jumatatu kwenye klabu mjini Madison, Wisconsin. Alifariki 2017.

Bei? Yangu ilikuwa kama mafuta ya wiki moja pamoja na posta, na kwa hali iliyofika nayo niliibiwa, lakini kwa kilichomo ndani sijaibiwa. Nyota tano za muziki, nyota moja ya muuzaji na hiyo moja ni ya bahasha. Nimeagiza nyingine kwa mtu mwingine, safari hii nimemwomba anipigie picha upande wa chini kwanza, na kijitabu akifungue ukurasa kwa ukurasa.