A-Level za Uingereza: masomo matatu au manne?

Katika A-Level, ngazi ya mwisho ya sekondari kabla ya chuo kikuu, wanafunzi wengi husoma masomo matatu kwa miaka miwili, na vyuo vikuu vingi hutoa nafasi kwa kuangalia matatu hayo tu. Alama za AAA kwa masomo matatu zina nguvu kuliko ABBB kwa manne. Wengi huongeza la nne wakidhani ni akiba, kumbe linakula saa za marudio hadi alama za yale matatu zinashuka.

Hesabu mitihani kabla ya kuamua. Kwa bodi ya mitihani ya Pearson Edexcel, Hisabati ina karatasi tatu za saa 2 kila moja. Hisabati ya Ziada, somo la nne linalochukuliwa sana, huongeza karatasi nne za saa 1 na nusu: saa 6 nyingine katika msimu uleule wa Mei na Juni.

Kwa shahada ya hisabati, chukua manne bila kusita. Imperial College London huidai Hisabati ya Ziada. Kwa udaktari, Kemia, Baiolojia na somo moja zaidi yanatosha, na muda unaobaki uende kwenye UCAT, mtihani wa kuomba kusomea udaktari.

Kwa vyuo vinavyojumlisha pointi za UCAS, taasisi inayoshughulikia maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, hali hubadilika: A ni 48, B 40, C 32, hivyo hata C ya nne ina uzito.