Cherehani nyeusi ya kukanyaga kwenye mfarishi wa kikundi: inafaa wapi, inakwama wapi

Kikundi cha kina mama wanane wanaotaka kushona mfarishi mmoja wa viraka kwa pamoja hawahitaji mashine nane. Moja inatosha, tena ni afadhali iwe moja. Tunayoizungumzia hapa ni ile cherehani nyeusi ya chuma ya kukanyaga, ya aina ya Singer na Butterfly, ambayo mafundi wengi wanaifanyia kazi barazani. Kwa kuunga viraka tunaipa alama za juu. Kwa kushona tabaka tatu za mfarishi mkubwa, hapana.

Tuchukue mfarishi wa inchi 60 kwa 72. Ukikata viraka vya inchi 6 na nusu kila upande, na kula robo inchi kwenye kila mshono, kila kiraka kinabaki inchi 6. Unahitaji viraka 10 kwa upana na 12 kwa urefu, jumla 120. Kila mama alete 15. Yadi moja ya kitenge inatoa viraka 30, kwa hiyo yadi 4 zinatosha kwa hesabu ya karatasi. Nunua 5, maana kitenge kikifuliwa kinarudi kidogo na kingo zake hazifai.

Sasa sababu ya kutumia mashine moja. Mama mmoja akila milimita moja na nusu zaidi ya robo inchi, kila kiraka kinapungua milimita 3. Kwenye safu ya viraka 10 hizo ni karibu sentimita 3, na safu yake haitakutana na ya mwenzake hata mkivuta namna gani. Usiamini ukingo wa kile kiguu kinachobana kitambaa, kwa kuwa mara nyingi hauko robo inchi kutoka kwenye sindano. Pima kwa rula, kisha bandika kwenye bamba, kile kipande cha chuma kilicho chini ya sindano, vipande vya selotepu vilivyopandana mpaka vifanye kaukuta kadogo. Kila atakayekaa kwenye kiti ataegemeza kitambaa hapo, awe fundi wa miaka mingi au binti aliyeanza juzi.

Bamba lenyewe lina tundu dogo la mviringo, kwa sababu mashine hii inashona mstari ulionyooka tu. Ndiyo maana kona ya kiraka haimezwi ndani mwanzoni mwa mshono, kero ambayo wenye mashine za zigizaga wanaijua vizuri. Tumia sindano namba 14 na mishono 10 hadi 12 kwa inchi. Umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Anayeanza atakwama kwenye pedeli. Gurudumu la mkono lazima lizunguke kumwelekea mshonaji. Likianza kurudi nyuma, uzi unajisokota chini ya bamba na kukatika. Basi aanzishe kwa mkono, mguu ufuate. Mkanda ukiteleza, kata kama nusu inchi uunge tena kwa kipini chake cha chuma. Vitanzi vikionekana chini ya kitambaa, usikimbilie bobini yenye uzi wa chini: mara nyingi uzi wa juu umelegea au haukupita vizuri kwenye visahani vya kukazia. Mshono unaoruka, tazama kwanza kama sindano imegeuzwa au imepinda.

Vitambaa vya kuletwa na watu wengi vina hila zake. Sugua kila kipande kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikichukua rangi nyekundu au buluu, kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi. Choma uzi mmoja pia. Pamba inanuka kama karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Ya poliesta iwekeni kando, pasi itaiharibu. Na kama pasi ni ya mkaa, pulizeni jivu nje, mbali na viraka. Mshono wa safu ya kwanza ulazwe kulia, wa safu ya pili kushoto. Safu zikikutana, mishono inashikana na kona zinakaa sawasawa.

Mashine inashindwa mkishaweka blanketi jepesi katikati na kitambaa cha chini. Nafasi kati ya sindano na nguzo ya mashine ni kama inchi 7, na nusu ya mfarishi lazima ikunjwe ipite humo. Meno yaliyo chini ya sindano yanavuta kitambaa cha chini, kile kiguu kinakizuia cha juu, na mwishowe mnapata mikunjo mgongoni mwa mfarishi. Pini nyingi zinapunguza tatizo, haziliondoi.

Badala yake tandikeni mkeka mfunge tabaka kwa mkono. Kila mahali viraka vinne vinapokutana, pitisheni uzi mnene wa pamba kwenye tabaka zote, fungeni fundo mara mbili, acheni mkia wa sentimita 2. Mafundo ni 99, kama 12 kwa kila mama. Mgongoni, doti moja ya kanga ikiunganishwa kwa pande ndefu inakaribia, ila upana haufiki. Ongezeni ukanda kila upande. Mkitumia kitenge, yadi 4 na nusu. Kwa pindo, rudini kwenye mashine na sindano namba 16: mikanda 7 ya inchi 2 na nusu, nusu yadi tu.

Baada ya kazi ya blanketi, fungueni bamba mtoe manyoya, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila tundu. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuifanya mashine nzito. Anayenunua iliyotumika aizungushe kwa mkono kwanza, atikise mhimili wa sindano aone kama unalegalega, na ashone juu ya tabaka 8 za kitenge kabla ya kutoa pesa.