Kihesabio cha mipira cha mwamuzi wa kriketi, rupia 180

Mwaka jana nilimsindikiza mama Mumbai kwa matibabu. Siku moja hakuwa na miadi, nikateremka Dhobi Talao kwenye maduka ya vifaa vya michezo, nikanunua hiki kidude. Kinaenea kiganjani, kina magurudumu matatu: mipira, ova (zamu ya mipira sita), wiketi (wapigaji waliotolewa). Nyumbani wanakiita tasbihi ya baba.

Mimi huamua kriketi ya Jumapili, Upanga. Miaka yote nilitumia sarafu sita za mia mbili. Kila mpira ukirushwa, sarafu moja inahamia mfuko wa pili.

Kutoka dukani nilitembea hadi Uwanja wa Brabourne, maana hapo ndipo yalipomkuta mwamuzi Joshi, Februari 1949. India walihitaji mikimbio (pointi) 361 kuwafunga West Indies. Hazare alishatoka na 122 zake, Phadkar bado anapiga, ubao unasema 355 kwa wiketi 8. Zimebaki sita tu! Joshi akaondoa vile vijiti vya juu ya nguzo za wiketi, ishara kwamba muda umekwisha, hakuna mshindi, sare. Kumbe ova ilibaki mpira mmoja, na muda nao haujaisha. India walikuwa hawajawahi kushinda mechi ya Test, ile ya siku kadhaa kati ya mataifa, hata moja. Walingoja mpaka 1952.

Simcheki Joshi. Nimewahi kufunga ova kwa mipira mitano mbele ya watazamaji wanane, wawili wamelala, na nahodha akaninunia hadi chai. Yeye alikuwa na uwanja mzima unampigia kelele.

Sasa kidude chenyewe. Gurudumu la mipira linagota, kidole gumba kinasikia, macho yanabaki kwenye mguu wa mrushaji. Hapo sarafu haifui dafu. Ila haligomi kwenye sita, ukijisahau linakwenda saba bila haya. Mfukoni linajizungusha: nilikitoa baada ya chai nikakuta ova ya 14 imekuwa 19, ikabidi nimwombe mwandishi wa alama daftari lake. Na namba ni za kupaka rangi. Jasho la Dar limeshaila 3 nusu.

Nyota tatu. Kwa bei ile silalamiki sana. Sarafu bado natembea nazo kama akiba, ingawa juzi nilikosa chenji nikampa konda moja, zimebaki tano.