Vishikio vya PPSU kutoka karakana ya Mwanjelwa

Mwezi uliopita nilipeleka kazi ya vishikio vinne vya vyombo vya upasuaji katika karakana moja ya ukerezaji iliyopo Mwanjelwa, jijini Mbeya, baada ya vile vya plastiki ya polikaboneti kupasuka kwa kutakaswa mara kwa mara katika otoklevu, yaani mtungi wa kutakasia vifaa kwa mvuke, ya nyuzi 134 za Selsiasi. Nilitarajia fundi anipe nailoni, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo, lakini aliikataa mwenyewe akieleza kwamba hunyonya maji na kubadilika vipimo. Alinishauri niagize fimbo ya PPSU, plastiki ngumu inayostahimili joto, ambayo huanza kulainika kwenye nyuzi 220 hivi na huhimili mvuke mamia ya mara. PEEK, plastiki nyingine ya namna hiyo, ni imara zaidi, ila kwa kishikio tu bei yake ni anasa.

Katika kukereza alitumia kisu kikali na hewa ya kompresa badala ya mafuta ya kupozea, kwa sababu baadhi ya mafuta hayo huweza kuipasua PPSU polepole pale penye mkazo, na pembe za ndani akazichonga kwa mviringo. Sikuridhika na makwaruzo yaliyobaki kwenye mifereji ya vidole, maana hayo ni maficho ya damu na vijidudu. Niliporudisha, aliyasawazisha bila malipo ya ziada, ingawa nilisubiri siku nne.

Karakana haiulizi hati ya kuthibitisha kuwa fimbo ni ya daraja la kitabibu, na hilo ndilo linalonizuia kuipa alama zote.